Nani Anachora Sasa? Aikoni na Skrini ya Kuanzia katika Programu za Simu

Tangu kidole kiguse aikoni mpaka ukurasa wa kwanza wa programu utokee, wachoraji wanne wanapokezana kioo kimoja. Lancha ya simu, yaani programu inayoonyesha skrini ya kwanza na orodha ya programu, ndiyo inayochora aikoni. Ukishagusa, mfumo wa Android unachora skrini ya kuanzia, na hapo programu yako bado haijaamka. Kisha fremu uliyoitumia kutengenezea programu (framework), tuseme Flutter, inashika zamu kwa muda mfupi huku ikijipanga. Mwishoni ndipo msimbo wako unapopewa kalamu. Malalamiko mengi yanayotufikia sisi tunaotengeneza programu hapa Mwanza, "nembo imekatwa mkia", "inamulika nyeupe kwanza", "nembo inatokea mara mbili", yanatokana na mtu kurekebisha faili la mchoraji ambaye si zamu yake. Kwa hiyo kabla ya kufungua faili lolote tunajiuliza: kwa wakati huu hasa, ni nani anachora?

Simu zenyewe kwanza. Pita Mwaloni pale Kirumba saa nne asubuhi uangalie simu zilizo mikononi mwa wanunuzi wa dagaa: Tecno, Infinix, itel, Samsung za bei ya chini. RAM ni GB 2 hadi 4, kioo kina ufa, na mwanga umepandishwa hadi mwisho kwa sababu ya jua. Lancha moja inakata aikoni kuwa duara, nyingine mraba wenye kona za mviringo. Aikoni ya kawaida ina dp 48 (dp ni kipimo cha Android kinachobaki karibu sawa kwa macho hata pikseli za kioo zikiwa nyingi au chache), ambazo kwenye kioo ni kama milimita 7 na nusu. Kwa ukubwa huo, juani, mistari myembamba na rangi za kufifia hazionekani kabisa. Umbo moja nene kwenye usuli wa rangi iliyokolea linatosha. Maneno ndani ya aikoni hayafai. Jina la programu tayari limeandikwa chini yake.

Nembo inafika ikiwa imechakaa

Mteja hutuma nembo kwa WhatsApp kama picha. WhatsApp inaibana, inakuwa JPG yenye usuli mweupe na ukungu kandokando ya mistari. Usihangaike kuisafisha. Mwombe aitume kama hati, si kama picha, na bora zaidi iwe SVG au PDF. Akisema hana, muulize nani alimchapia fulana au bango la dukani. Wachapa mabango wengi wa mjini huwa wamebaki na faili asilia la CorelDRAW, na kutoka humo unaweza kutoa SVG safi ndani ya dakika tano. Kuchora upya nembo ya mtu kutoka kwenye picha yenye ukungu ni kazi ya siku nzima isiyolipwa, na mwisho wa siku atasema siyo yenyewe.

Mkia wa sangara

Tangu Android 8.0 ya mwaka 2017, yaani kiwango cha API 26 (namba ambayo watengenezaji huitumia kutaja toleo la Android), aikoni ni matabaka mawili, usuli na mbele, ambayo lancha inayaweka pamoja kisha inakata umbo inalolitaka. Kila tabaka lina dp 108 kwa 108. Kinachoonekana baada ya kukatwa ni dp 72 za katikati tu. Zile dp 18 za kila upande zimeachwa ili lancha ipate nafasi ya kukata na kuyatikisa matabaka mtumiaji anapoiburuta aikoni. Na hata ndani ya hizo 72, eneo ambalo hakuna lancha itakayoligusa ni duara lenye kipenyo cha dp 66.

Ukichora kwenye turubai ya pikseli 1024, duara hilo la usalama lina kipenyo cha pikseli 626 hivi. Sasa chukua nembo ya sangara aliyelala, upana wake mara mbili ya kimo. Mchoraji anasikia "626" na kumpa samaki upana wa 626 na kimo cha 313. Kwa macho anakaa vizuri, kwa sababu turubai ni mraba na nafasi imebaki tele. Lakini mshazari wa mstatili huo ni pikseli 700, na duara kubwa kabisa linaloweza kuonekana, lile la dp 72, lina kipenyo cha 683. Kwa hiyo kwenye simu inayokata duara, ncha mbili za mkia, pale unapopanuka, zinaondoka. Kwenye simu ya mraba hazikatwi, ndiyo maana mteja anasema imekatwa na wewe kwako unaona iko sawa. Kinachopimwa ni mshazari, si upana. Kwa umbo la mbili kwa moja usivuke pikseli 560 kwa 280. Kwa nembo ya mraba usivuke 443 kwa 443. Nembo ya duara ndiyo pekee inayoruhusiwa kufika 626.

Ukizalisha PNG kwa mkono, tabaka moja lenye dp 108 linahitaji pikseli 108, 162, 216, 324 na 432 kwa folda za mdpi, hdpi, xhdpi, xxhdpi na xxxhdpi, yaani madaraja ya wingi wa pikseli kwenye kioo. Aikoni ya zamani isiyo na matabaka inahitaji 48, 72, 96, 144 na 192. Ziweke kwenye `mipmap`, si `drawable`. Kuna lancha zinazochukua picha ya daraja la juu kuliko kioo cha simu chenyewe, na bando la programu (app bundle) linapogawanywa kwa aina za vioo, picha za `drawable` za madaraja mengine huachwa nje wakati za `mipmap` hubaki.

Kosa linalowachosha wanaoanza ni hili: amebadilisha PNG zote tano, amejenga upya, na simu bado inaonyesha roboti wa kijani. Sababu iko kwenye folda `mipmap-anydpi-v26`. Humo kuna `ic_launcher.xml`, na simu yoyote ya Android 8 kwenda juu inasoma faili hilo kabla ya PNG yoyote. Kama bado linaelekeza kwenye `ic_launcher_foreground` ya zamani, PNG zako zinaonekana kwenye simu za kale tu. Fungua na `ic_launcher_round.xml` pia, kwa kuwa manifesti (faili la `AndroidManifest.xml`) ikitaja `android:roundIcon` baadhi ya lancha huchukua hiyo. Upo pia upande wa pili wa tatizo hilo: mradi wenye PNG tu, bila matabaka. Hapo lancha nyingi hupunguza aikoni na kuibandika ndani ya kibati cheupe, na nembo ya bluu ya ziwa inabaki kidoto katikati.

Wanaotumia Flutter wana kifurushi cha `flutter_launcher_icons` kinachofanya kazi hii yote. Mpangilio wetu wa kawaida ndani ya `pubspec.yaml` ni huu:

```
flutter_launcher_icons:
  android: true
  ios: true
  image_path: "assets/ikoni/kamili.png"
  adaptive_icon_background: "#0B3C5D"
  adaptive_icon_foreground: "assets/ikoni/mbele.png"
  adaptive_icon_foreground_inset: 0
  adaptive_icon_monochrome: "assets/ikoni/rangi_moja.png"
  remove_alpha_ios: true
```

Kisha `dart run flutter_launcher_icons`. Mstari wa `inset` usiupuuze. Usipouandika, kifurushi kinaongeza nafasi ya asilimia 16 kila upande. Kama picha yako tayari ina nafasi uliyoihesabu mwenyewe, duara la 626 linashuka hadi 426 hivi na samaki anakuwa dagaa. Chagua mmoja wa kuhesabu nafasi, wewe au kifurushi.

Tabaka la tatu, `monochrome`, linatumika tangu Android 13 ya mwaka 2022, mtumiaji anapowasha aikoni zinazofuata rangi za simu yake. Mfumo hautazami rangi ulizoweka, unatazama tu palipojaa na palipo wazi, halafu unapaka rangi yake. Nembo yenye kivuli na rangi zinazofifia inageuka bonge. Nembo yenye mraba wa usuli nyuma yake inageuka mraba mtupu. Chora umbo bapa la samaki, toboa jicho, basi.

Jina chini ya aikoni linahitaji uangalifu kuliko watu wanavyodhani. Lancha nyingi hukata baada ya herufi kumi na kidogo, hivyo "Bei za Dagaa Mwanza" inasomeka "Bei za Dag…". Kwenye `android:label` weka "Dagaa" na ulale salama. Jina refu liache Google Play, ambako pia unapakia aikoni nyingine peke yake: pikseli 512 kwa 512, PNG, mraba kamili. Usikate kona wala kuweka kivuli, duka linakata na kuweka lenyewe. Ukikata wewe, kona zinakatwa mara mbili na pembeni panabaki vipande vyeupe.

Ukisasisha aikoni na simu ikang'ang'ania ya zamani, mara nyingi programu yako haina kosa. Lancha imeweka ya zamani kwenye akiba (cache). Iondoe programu uisakinishe upya, au zima simu na kuiwasha. Usifute data ya lancha kwenye simu ya mteja: inafanya kazi kweli, lakini inavuruga mpangilio wote wa skrini yake ya kwanza, na utakaa kumpangia upya hadi jioni.

Jambo dogo lenye faida kubwa: weka aikoni ya rangi tofauti kwa toleo la majaribio. Folda ya `app/src/debug/res` inaweza kuwa na `mipmap` zake, na ukiongeza `applicationIdSuffix ".debug"` kwenye Gradle, chombo kinachojenga programu ya Android, matoleo mawili yanakaa kwenye simu moja bila kugombana. Yetu ya majaribio huwa nyekundu. Anayejaribu hawezi kuripoti kosa la toleo lisilo lenyewe.

Skrini ya kuanzia si yako peke yako

Tangu Android 12 ya mwaka 2021, API 31, mfumo unachora skrini ya kuanzia kwa kila programu, utake usitake. Usipoipa maelekezo, inachukua aikoni ya programu na rangi ya `windowBackground`, kama ni rangi moja. Programu nyingi za zamani zilikuwa na `SplashActivity`, skrini ya kuanzia iliyotengenezwa na mwenye programu, yenye nembo na saa ya kuhesabu sekunde tatu. Kwenye Android 12 hiyo inakuja baada ya ile ya mfumo. Mtumiaji anaona nembo ndogo, inatoweka, inakuja nembo kubwa, inakaa, ndipo anafika ndani. Dawa ni kuifuta `SplashActivity`. Wateja hupenda nembo yao ionekane "vizuri", yaani kwa muda mrefu, na hapa inabidi kubishana nao kidogo: mama anayeuza samaki Igombe anafungua programu mara nyingi kwa siku kutazama bei, na sekunde tatu za nembo kila mara ni sababu tosha ya kurudi kupiga simu.

Kwa Android ya kawaida mambo ni manne. Ongeza maktaba ya `androidx.core:core-splashscreen`, ambayo inaleta tabia hiyo hiyo hadi kwenye matoleo ya chini ya 12. Tengeneza mandhari (theme) yanayorithi `Theme.SplashScreen` na kuweka `windowSplashScreenBackground`, `windowSplashScreenAnimatedIcon` na `postSplashScreenTheme`. Ipe shughuli ya kwanza (Activity, yaani ukurasa wa programu) mandhari hayo ndani ya manifesti. Halafu ita `installSplashScreen()` kabla ya `super.onCreate()`. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayosahaulika. Ukisahau kuita, au ukiacha `postSplashScreenTheme`, programu inabaki na mandhari ya kuanzia hata baada ya kuanza, na kama shughuli yako ni ya AppCompat inaanguka papo hapo ikidai mandhari ya `Theme.AppCompat`. Ujumbe huo unampeleka mtu kuhangaika na `styles.xml` wakati mstari mmoja wa Kotlin ndio haupo.

Vipimo vyake si vya aikoni. Picha isiyo na kibati cha usuli ina dp 288 kwa 288, na nembo ikae ndani ya duara la dp 192. Yenye kibati ina dp 240, nembo ndani ya duara la 160. Zote mbili ni theluthi mbili. Tabaka la mbele la aikoni, ukiwa umelihesabu kwa duara la 66 ndani ya 108, tayari liko chini ya uwiano huo, kwa hiyo unaweza kulitumia lilivyo bila kuchora upya. Picha ya kujaza kioo kizima, boti na machweo na Jiwe la Bismarck, haiwezekani tena hapa. Mfumo unakubali rangi moja, picha moja ya katikati, na ukipenda kipande cha jina chini kabisa kupitia `windowSplashScreenBrandingImage`, dp 200 kwa 80. Mteja akitaka nembo ndefu yenye maandishi, maandishi yaende huko chini. Ukiyalazimisha katikati, duara linayakata kushoto na kulia. Mwendo wa picha nao una kikomo, usizidi milisekunde 1000.

Upande wa Flutter tunatumia `flutter_native_splash`, na hapa ndipo watu wanapotea zaidi. Mstari wa `image:` ulio juu unahusu simu za chini ya Android 12 na iOS. Kwa Android 12 kwenda juu kuna sehemu yake, `android_12:`, yenye `image:` na `color:` zake. Ukiiacha tupu, simu mpya zinaonyesha aikoni ya programu badala ya picha uliyochora. Picha ya sehemu hiyo iwe pikseli 1152 kwa 1152, nembo ndani ya duara la 768. Ukimaliza endesha `dart run flutter_native_splash:create`, na uiendeshe tena kila unapobadilisha kitu, maana kuhariri YAML peke yake hakubadilishi chochote ndani ya folda ya `android`.

Wanaopenda kuhariri kwa mkono wajue kuna mafaili mawili yenye jina moja: `drawable/launch_background.xml` na `drawable-v21/launch_background.xml`. Karibu simu zote zinazotumika leo ni za API 21 kwenda juu, hivyo zinasoma la pili. Unahariri la kwanza mchana kutwa na hakuna kinachobadilika.

Mwanga wa usiku

Dagaa wa ziwani huvuliwa usiku, hasa mwezi ukiwa haupo, samaki wakivutwa na taa. Mvuvi aliyezoesha macho giza, simu yake ikiwa kwenye mandhari meusi, akifungua programu inayomulika nyeupe kwa nusu sekunde atakulaani, na ana haki. Mwanga huo unatoka kwa mchoraji yupi? Upo uwezekano wa aina mbili, na namna ya kuutambua ni kuangalia unatokea lini.

Ukitokea kabla ya nembo au pamoja nayo, ni mfumo unaosoma rangi ya mandhari ya kuanzia. Tazama folda ya `values-night`. Mara nyingi haina `styles.xml`, au inayo lakini imebaki na rangi nyeupe. Kwa programu inayojali Android 12 kuna mafaili manne ya kulinganisha: `values`, `values-night`, `values-v31` na `values-night-v31`. Yote manne yataje rangi uliyoichagua kwa hali husika. Ukirekebisha matatu, la nne ndilo litakaloonekana kwenye simu ya mteja.

Ukitokea baada ya nembo, kabla ya ukurasa wa kwanza, ni zamu ya fremu. Kwenye Flutter angalia `NormalTheme`, ambayo inashika baada ya `LaunchTheme`, kisha angalia rangi ya usuli ya ukurasa wako wa kwanza. Kama skrini ya kuanzia ni bluu nzito, `NormalTheme` nyeupe, na ukurasa mweusi, umempa mtu rangi tatu ndani ya sekunde moja. Zifanye zifanane. Ili kuona vizuri, rekodi kioo cha simu kwa video halafu itazame fremu baada ya fremu. Macho matupu hayatoshi kwa kitu cha milisekunde 80.

Nembo isiyoondoka

Android inakupa `setKeepOnScreenCondition`, na kifurushi cha Flutter kina `FlutterNativeSplash.preserve` na `remove`, ili uishikilie skrini mpaka data iwe tayari. Ni silaha nzuri na hatari. Ishikilie kusubiri kitu kilicho ndani ya simu tu: lugha aliyochagua mtu, kama ameshaingia, rangi anazopenda. Usiishikilie kusubiri mtandao. Mtu akiwa kwenye kivuko cha Ukerewe, katikati ya maji, mtandao upo-haupo, ombi lako linasubiri sekunde 30 na yeye anatazama nembo. Kwake programu imekufa. Mwonyeshe ukurasa wenye bei za jana na tarehe yake, kisha sasisha mtandao ukirudi.

Kosa la pili la hapo: `remove` imewekwa mwisho wa mlolongo wa kuanzisha mambo, na jambo moja katikati likatupa hitilafu. Mstari wa `remove` haufikiwi na nembo inakaa milele, bila ujumbe wowote kwa mtumiaji. Iweke ndani ya `finally`, ambayo hutekelezwa hata hitilafu ikitokea.

Mara nyingine nembo haionekani na hakuna kosa lolote. Programu ikiwa bado iko kwenye kumbukumbu, mfumo unairudisha bila skrini ya kuanzia. Na kwenye Android 12, ukiifungua kutoka kwenye kompyuta kupitia Android Studio, unaweza kuona rangi bila picha ya katikati. Ifunge kabisa, uifungue kwa kidole kutoka kwenye lancha, ndipo uhukumu. Tangu Android 13 kuna `windowSplashScreenBehavior`, ukiipa `icon_preferred` unauomba mfumo uonyeshe picha hata inapofunguliwa kwa njia nyingine.

Muda nao upimwe, usikisiwe. Amri ni `adb shell am start -S -W` ikifuatiwa na jina la kifurushi na shughuli. `-S` inaifunga programu kwanza ili iwe mwanzo wa baridi, yaani kuanza ikiwa haipo kwenye kumbukumbu, na `TotalTime` inatolewa kwa milisekunde. Google huhesabu mwanzo wa baridi wa sekunde 5 au zaidi kuwa mbovu. Pima toleo la `--release`, kwa kuwa la majaribio la Flutter ni zito kwa asili yake, na pima kwenye simu ya GB 2 iliyojaa picha na video, siyo hiyo yako. Kinachokula muda zaidi ni vitu vilivyopangwa kabla ya `runApp`, amri inayoanza kuchora kurasa za Flutter: arifa, takwimu, matangazo, kila kimoja na `await` yake. Vingi vinaweza kusubiri mpaka ukurasa wa kwanza uchorwe.

Kwa upande wa iPhone maneno ni machache, ingawa usizipuuze: watumiaji mia wana Android na bosi wa mteja ndiye mwenye iPhone, na yeye ndiye anayesaini hundi. Tangu Xcode 14 picha moja ya pikseli 1024 inatosha kwa saizi zote. Isiwe na uwazi hata kidogo, la sivyo App Store inaikataa kwa ITMS-90717. Ndiyo kazi ya `remove_alpha_ios` hapo juu. Tangu iOS 18 unaweza kuongeza picha ya giza na ya rangi moja. Skrini ya kuanzia ni `LaunchScreen.storyboard`, haiendeshi msimbo wowote, na iOS huiweka kwenye akiba kwa ukaidi. Ukibadilisha na bado unaona ya zamani, futa programu na uwashe simu upya kabla ya kugusa mradi.

Kubadili aikoni wakati programu inatumika

Kila Nane Nane inapokaribia hutokea mteja anayetaka aikoni ya maonyesho, na ikiisha irudi ya kawaida, bila mtumiaji kusasisha. Kwenye iOS kuna `setAlternateIconName` tangu toleo la 10.3. Mfumo unamwonyesha mtumiaji ujumbe kwamba aikoni imebadilika, kwa hiyo iite pale alipochagua mwenyewe.

Android inatumia `activity-alias`, yaani lakabu, jina la pili la shughuli ile ile. Ndani ya manifesti unaweka lakabu mbili, kila moja na `android:icon` yake, `android:targetActivity` ikielekeza shughuli moja, `android:exported="true"`, na kichujio (`intent-filter`) cha `MAIN` na `LAUNCHER`, kinachoiambia lancha iionyeshe. Shughuli yenyewe unaiondolea kichujio hicho, usipofanya hivyo aikoni mbili zinatokea kwenye orodha. Lakabu moja iwe `enabled="true"`, nyingine `false`. Kubadili ni kuita `setComponentEnabledSetting` mara mbili ukitumia `DONT_KILL_APP`: washa mpya kwanza, kisha zima ya zamani. Usichanganye kipengele cha `data` cha viungo (links) vinavyofungua programu ndani ya kichujio hicho hicho, kwa sababu programu itasakinishwa vizuri ila aikoni yake haitaonekana kwenye lancha. Viungo vipewe kichujio chao.

Madhara yake yaseme mapema kwa mteja. Baadhi ya lancha huondoa aikoni iliyokuwa imewekwa kwenye skrini ya kwanza, ikabaki kwenye orodha tu. Nyingine huchukua muda kuonyesha mpya. Android Studio nayo itashindwa kuifungua programu kwenye simu ambayo lakabu inayoijua imezimwa, na itasema shughuli haipo.

Baya kuliko yote linakuja miezi baadaye. Simu inakumbuka ni lakabu ipi imewashwa na ipi imezimwa, hata baada ya kusasisha. Fundi mwingine anasafisha manifesti, anaona `LakabuNaneNane`, anaifuta kwa kuwa maonyesho yamepita. Kwa mtumiaji ambaye hakufungua programu tangu Agosti, ile ya Nane Nane ndiyo iliyokuwa imewashwa na ya kawaida imezimwa. Sasa iliyowashwa haipo na iliyopo imezimwa. Programu iko kwenye simu, inakula nafasi, na haina aikoni ya kuigusa. Ni vigumu kuirekebisha kwa msimbo wa ndani, maana mtumiaji hana namna ya kuifungua, labda kupitia arifa. Ukishaitoa lakabu kwa watu, iache kwenye manifesti na jina lile lile, ibadilishie tu picha iwe ya kawaida.